Mwanangu, Umesema Hulewi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu umeandika kama wakili: "Mama, nakunywa bia tatu kila jioni. Silewi, silali nje, kazini sijachelewa hata siku moja. Nimepima ini, wamesema liko sawa. Sasa wewe uliyekuwa nesi niambie, pombe inanidhuru nini?" Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nikatafuta karatasi, maana jibu lake halienei kwenye simu.

Sikuhubirii. Miaka yote niliyokaa wodini sikuona mahubiri yakimponya mtu, ila niliona yakimfanya afiche chupa. Lakini hilo neno lako, "silewi", ndilo lililoninyima usingizi, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini, wodi ya wanaume. Akaletwa baba mmoja wa makamo, amevunjika mguu, mtu mtaratibu, shati limenyooshwa pasi hata akiwa kwenye machela. Nikamuuliza maswali ya kawaida. Unavuta sigara? Hapana. Unakunywa? "Kidogo, jioni." Nikaandika "kidogo", nikageuza ukurasa. Kesho yake mikono ilikuwa inamtetemeka, nikadhani ni maumivu. Usiku wa tatu akaanza kukung'uta shuka akisema wadudu wanampanda. Jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio, hajui yuko wapi, anataka kushuka kitandani na mguu ule ule. Tukailaumu dawa ya maumivu. Asubuhi mkewe akatuambia kwa sauti ya chini: "Mume wangu hakosi chupa yake. Lakini halewi kamwe." Daktari wetu mzee akachukua faili, akalizungushia neno langu "kidogo" wino mwekundu, akanirudishia bila kusema kitu. Yule baba alipona. Wapo wanaofikia hali ile wasipone.

Kilichotokea ni hiki. Ubongo una kemikali za kutuliza na kemikali za kuchangamsha, na kwa kawaida zinalingana. Pombe huzipa nguvu zile za kutuliza na kuzibana zile za kuchangamsha. Ndiyo ile raha ya chupa ya kwanza. Ukinywa kila siku, ubongo haukubali kubaki umesinzia. Unapunguza usikivu wake kwa kile kinachotuliza na kuongeza kile kinachochangamsha. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani, mwingine nje. Ukiwatazama mlango umetulia, utasema hakuna kinachoendelea. Mmoja akiachia ghafla, mwenzake anaanguka kifudifudi. Yule baba aliachia ghafla kwa sababu wodini hapakuwa na chupa. Mitetemo huanza saa chache baada ya kukosa kinywaji, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na ile kuchanganyikiwa na kuona wadudu kwa kawaida huja kati ya siku ya pili na ya nne.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu anayekunywa asilewe si kwamba pombe imemshindwa. Mwili wake umeshajipanga upya ili kuizoea. Ini nalo huongeza vimeng'enya, yaani kemikali zake za kuichoma pombe. Wenzako wanaona kichwa kigumu, mimi naona mlango unaosukumwa pande zote mbili.

Sasa tuhesabu hizo tatu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi, yaani karibu gramu 20. Tatu ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani linapopima unywaji wa watu, gramu 60 kwa mkao mmoja ndipo linapoanzia kuita unywaji mzito, na linauliza kama umefika hapo walau mara moja kwa mwezi. Wewe unafika kila jioni. Najua uliziona ni chache. Hata mimi nilirudia hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Ini huchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikubali kuharakishwa. Kahawa haisaidii, maji baridi hayasaidii, kutoka jasho hakusaidii. Chakula tumboni huchelewesha pombe kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako sehemu kubwa hunyonywa, lakini hakiifuti. Ukianza saa mbili usiku, basi ini lako linamaliza kazi kati ya saa nane na saa kumi na nusu alfajiri. Na wewe mwenyewe uliniambia wakati ule ulipokuja kututembelea kwamba huwa unaamka saa tisa, macho makavu, moyo unadunda, ukadhani ni kibofu. Kibofu kimo, maana pombe huizuia ile homoni inayoyaambia mafigo yatunze maji. Lakini zaidi ni kwamba pombe inakulaza upesi kisha inakuibia nusu ya pili ya usiku. Inapunguza usingizi wa ndoto, na ikishaisha mwilini ule upande wa kuchangamsha unabaki peke yake. Unasema unalala vizuri. Unachofanya vizuri ni kusinzia.

Kuhusu kipimo cha ini. Nimefurahi umepima, wengi hawapimi. Ila vimeng'enya vya ini kwenye damu, vile wanavyovipima, ni kama moshi: ukiuona, jua kuna moto, usipouona, usiape kwamba hakuna. Ini linaweza kujaa mafuta na majibu yakarudi ya kawaida. Hata lenye makovu yaliyokomaa wakati mwingine hutoa majibu mazuri. Nalo halilalamiki, kwa sababu ndani yake halina neva za maumivu. Ni lile ganda la nje tu linalouma likivutwa. Hatua ya kwanza ni mafuta, na wanywaji wengi wa kila siku hufika hapo. Habari njema, na hii nimeiona kwa macho yangu, ni kwamba mtu akiacha kabisa, mafuta hayo huondoka kwa wiki kadhaa tu. Hatua ya pili ni ini kuvimba. Ya tatu ni sirosisi, ini limekuwa makovu na vinundu, damu haipiti sawasawa, tumbo linajaa maji, mishipa ya damu ya umio, ile njia ya chakula, inavimba hadi inaweza kupasuka. Si kila mnywaji mzito hufika huko, wengi hawafiki. Lakini sijapata kumwona aliyefika akaniambia aliuona mwanzo wake.

Lile lisilosemwa vya kutosha ni saratani. Pombe ikichomwa hugeuka kwanza kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli na kuzizuia kuvirekebisha, kisha ndipo inageuka kuwa asetati isiyo na makali. Hata bakteria wa mdomoni hutengeneza asetaldehaidi hiyo, ndiyo maana mdomo, koo na umio hupata shida, na ukichanganya na sigara inakuwa mbaya maradufu. Kuna pia ini, utumbo mpana na matiti. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vyenye pombe kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988. Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo bila kumwambia mgonjwa hata mmoja. Tulizungumza ini, ini, ini.

Dada yako asijipime kwako, na tafadhali mfikishie hili. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume, hivyo chupa ile ile inakuwa kali zaidi kwenye damu yake. Na siku akishika mimba, aache kabisa, kwa sababu pombe huvuka kondo na mtoto hana ini lililokomaa la kujitetea.

Baba yako amesimama nyuma yangu anasoma, anasema niandike pia kwamba divai kidogo ni dawa ya moyo. Nimemwambia ataandika barua yake. Hilo tuliliamini wengi, na si kwa upumbavu: tafiti nyingi za zamani zilionyesha wanaokunywa kidogo wakiishi muda mrefu kuliko wasiokunywa. Kasoro ilikuwa kwenye kundi la wasiokunywa. Humo walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu walikuwa tayari wagonjwa. Ukiwatoa hao na ukifanya hesabu kwa uangalifu, faida ile inayeyuka, pengine yote. Kinachobaki bila ubishi ni kwamba pombe hupandisha shinikizo la damu na huweza kuuvuruga mwendo wa moyo, hata kwa kijana mwenye afya baada ya usiku mmoja wa kuzidisha. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Hapo lakini nataka uelewe vizuri: hatari ya bia moja kwa wiki ni ndogo, na mtu mzima anaweza kuamua kuibeba. Ya kwako ni ishirini na moja.

Kitambi sitakizungumzia sana, umeshakiona mwenyewe. Gramu 1 ya pombe ina kalori 7, karibu kama mafuta, kwa hiyo zile gramu 60 ni kalori 420 kabla hujahesabu kilichobaki ndani ya bia.

Sasa utaniuliza ufanye nini, na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kuliko popote juu. Usije ukasoma barua hii usiku, ukaona aibu, ukamwaga kila kitu kwenye sinki na kuapa. Kwa chupa tatu huenda usipate zaidi ya usiku mbaya na hasira za siku chache. Lakini mimi nimekuwa nesi, na najua watu hupunguza idadi wanapomwandikia mama. Kama ni tatu kweli, anza kuruka siku, na tazama mwili unasema nini. Kama ni zaidi, au ikiwa siku hizi kuna ya kuzimua asubuhi, nenda kwa daktari kwanza umwambie idadi ya kweli. Kuna dawa za kuwashusha watu taratibu bila degedege, na vitamini B1 ambayo wanywaji huishiwa nayo na ubongo ukaumia. Usimwambie "kidogo".

Nami nina swali moja, usinijibu kwa ujumbe, nipigie nikusikie sauti. Mara ya mwisho kupitisha siku nzima bila kunywa ilikuwa lini, na asubuhi iliyofuata, ulipoinua kikombe cha chai, mkono wako ulikuwaje?

Mama yako