Mume hana kazi, nina mikopo miwili ya kausha damu: niuze korosho zikiwa bado mtini?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mtwara. Mume wangu aliendesha malori ya makaa ya mawe kwa miaka minne. Wiki sita zilizopita kampuni ilipunguza madereva. Yeye alipigiwa simu tu akaambiwa asirudi. Mimi nilikuwa nawapikia hao hao madereva. Nilikuwa napika kilo nane za mchele, sasa napika mbili na zinabaki. Mwezi wa tano, mambo yalipoanza kuyumba, nilikopa laki tatu, rejesho elfu thelathini kila Jumatatu kwa wiki 14. Nilipokwama nikakopa kwingine laki mbili ili nilipe kule kwa kwanza. Mume hajui. Jumatatu iliyopita wenzangu wa kikundi walikuja, wakawa wanaliangalia friji. Sasa yupo mtu anataka korosho za shamba la mama yangu, kilo 250 kwa shilingi 1,200, hela mkononi leo. Niuze nimalizane nao? — Mama N.*

Marahaba, mwanangu. Usiuze. Nimetanguliza jibu kwa sababu huyo mtu hatasubiri umalize kusoma.

Amekuja mwezi wa nane kwa kuwa anajua minada ya korosho inaanza Oktoba. Kangomba, hao wanunuzi wa korosho wa mlango wa nyuma, wote ndivyo walivyo, wanabisha hodi kwa mwenye dhiki kabla chama cha msingi cha ushirika hakijatoa mizani stoo, na wanajua fika kwamba sheria imewakataza. Piga hesabu. Minada ya kwanza ya msimu wa 2024 huko kwenu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Siwezi kukuahidi bei hiyo. Tunaikumbuka 2018, wakulima walipoikataa bei ya wanunuzi, serikali ikasema itanunua kwa 3,300, jeshi likabeba mzigo, na wapo waliosubiri malipo yao mpaka wakachoka. Basi tuseme safari hii upate 2,500 tu baada ya makato yote. Kilo 250 ni 625,000. Yeye anakupa 300,000. Mkopo wako wa kwanza, huo unaokukosesha usingizi, unakula laki na ishirini juu ya ile laki tatu. Huyu atakula laki tatu na ishirini na tano kwa miezi michache. Unaikimbia kausha damu, unaangukia kwa mwenye meno marefu zaidi.

Halafu kilo 250 umezihesabu kwenye maua. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukiingia shambani ukavuna 150, hizo mia nyingine utamlipa nini? Na shamba ni la mama yako. Kusini huko shamba la mama lina wajomba, nawe utaitwa kikaoni ukaeleze. (Kama umepata salfa ya ruzuku, dawa ya ugonjwa huo, pulizia. Wapo wanaoiuza ili wapate hela ya sukari, halafu Novemba wanalia.)

Sasa mumeo. Wewe unamficha deni, na yeye kuna hela yake hajaifuata. Unasema alifanya kazi miaka minne. Je, alikuwa anakatwa michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Kama ndiyo, aende ofisi yao na kitambulisho aulize mambo mawili: michango yake ilifikishwa kweli, na fao la kukosa ajira analipataje. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, na hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Si nyingi, lakini marejesho yanapata pa kuanzia.

Na ile simu ya "usirudi" haitoshi. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28 au alipwe badala yake, na akipunguzwa ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumika. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko la kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Wiki sita zimeshapita, kwa hiyo la kwanza atalazimika kuomba aongezewe muda na kutoa sababu ya maana. La madai bado lina siku kama kumi na nane. Aende wiki hii. Bei ya makaa ilishuka duniani mwaka 2023 na kampuni imepunguza madereva, hilo si kosa lake, lakini stahiki zake hazikushuka pamoja na bei.

Kabla ya Jumatatu mwende wote wawili kwa mwenyekiti wa kikundi, si peke yako. Wenzako hao usiwachukie, rejesho lako lisipoingia wanachangishwa wao. Omba rejesho lipunguzwe na wiki ziongezwe, na muandikishane. Kule kwa pili dai nakala ya mkataba, uangalie riba na faini, na uulize leseni ya Benki Kuu iko wapi. Mkopo wa tatu usiuguse hata ukiletewa nyumbani. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya mapato yake inayotengewa wanawake, isiyo na riba, jiungeni kikundi mwombe, ila uwe wa kuinua biashara. Hautatoka kabla ya Jumatatu. Na mchele pika kilo moja na nusu.

Kumwambia mume ndiko kunakokutisha kuliko hayo yote, naona. Atafoka. Huenda akatoka akaenda kijiweni mpaka usiku. Mwache. Andika kwenye karatasi ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki na Jumatatu zilizosalia, umwekee mezani watoto wakishalala. Mtu aliyesoma hati za mzigo miaka minne hesabu hiyo ataielewa haraka kuliko maelezo yako. Usimwambie "nilikopa kwa sababu wewe huna kazi". Ulikopa mwezi wa tano, kazi bado anayo, na tarehe hiyo ataiona.