Dereva Amefukuzwa, Ajali Zimebaki

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na dereva mstaafu wa mabasi, aliyemalizia kazi yake akiwa mchunguzi wa ajali.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msimamizi wa madereva katika kampuni ya mabasi ya mjini. Ajali ikitokea tunamsimamisha dereva kazi, na mara nyingine tunamfukuza, lakini ajali haziishi. Sasa wakubwa wanataka tufunge kamera kwenye kila basi. Zitasaidia?

JIBU: Marahaba. Kamera itakuonyesha vizuri ajali ilivyotokea. Kama dereva alikuwa na haraka, haitakwambia haraka ile ilitoka wapi.

Nami nikuulize: dereva wako akikosakosa kumgonga mtu asubuhi, akafunga breki mtu yuko hatua mbili tu mbele yake, anakwenda kumwambia nani? Anawasimulia wenzake wakisubiri zamu, wanacheka, yamekwisha. Kwako haji, maana kwako kuna barua ya onyo. Mmarekani mmoja wa mambo ya bima, H. W. Heinrich, aliandika mwaka 1931 kwamba nyuma ya kila ajali moja kubwa kuna ndogo 29 na visa 300 visivyojeruhi mtu. Hesabu hiyo imepingwa sana, na mimi mwenyewe sikuwahi kuitumia. Lakini kwamba visa vya kukoswakoswa ni vingi kuliko ajali, na vinatokea palepale ajali itakapokuja kutokea, hilo halihitaji profesa.

Kazini kwetu, tulipoweka sanduku ili madereva waandike visa hivyo kwenye karatasi zisizo na jina, lilikaa tupu muda mrefu. Madereva walidhani ni mtego. Kisha zikaingia karatasi chache zinazotaja kituo kimoja kilichokuwa mara tu baada ya kona: basi limesimama, abiria wanashuka na kuvuka kwa mbele, na gari linalotoka kwenye kona halina nafasi ya kuwaona. Kituo kikasogezwa mbele. Madereva ni walewale, mabasi ni yaleyale, na malalamiko ya breki za ghafla mahali pale yakaisha. Baada ya hapo sanduku likaanza kujaa.

Halafu chukua ratiba yenu, upande basi saa za msongamano bila kumwambia mtu. Pima kama safari inaweza kumalizika kwa muda ulioandikwa bila kuvunja sheria ya mwendo. Ikiwa haiwezekani, basi kampuni yenyewe ndiyo imemwagiza dereva akimbize, na kwa karatasi yenye muhuri. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, basi linakula karibu mita 14 kila sekunde. Weka sekunde moja ya kushtuka, ongeza kama nusu sekunde ambayo breki za upepo huchukua kabla ya kubana, na zaidi ya mita 20 zimeshapita basi halijapunguza chochote. Sasa fikiria dereva huyo amechelewa dakika tano na anataka kuzifidia.

Tazama na zamu. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva wako wa basi la kwanza anaamka saa tisa usiku. Mwenzake asipotokea jioni, ukamwomba ashike na zamu hiyo, ikifika saa mbili usiku ametimiza saa 17 bila kugusa chupa. Umoja wa Ulaya unawataka madereva wa mabasi ya masafa marefu wapumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za usukani, na sheria hiyo haikuwekwa kwa kuwadekeza.

Kamera fungeni, ila picha zitangulie kwenye mafunzo kabla ya kufika kwenye faili la adhabu. Anayeendesha amelewa au anachezea simu, huyo mwondoe. Simtetei.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Njia yangu ina mteremko mrefu na basi huwa limejaa. Fundi anasema breki ni nzima, lakini nikikaribia chini zinashika kwa shida na nasikia harufu ya kuungua. Kondakta ananiita mwoga.

JIBU: Fundi amezipima zikiwa baridi, kwa hiyo anasema kweli, na wewe pia unasema kweli. Ukikanyaga breki mlima mzima, dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, inapata moto na kutanuka, inasogea mbali na viatu vya breki vinavyoibana kutoka ndani, na vyenyewe vikishaungua havishiki tena. Ingiza gia nzito ukiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu basi likishachanganya, gia inaweza kukataa kabisa kuingia. Iache injini ilizuie basi. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue, kisha achia; usiegemeze mguu pale muda wote. Nyutro mlimani usiguse. Chungulia na geji ya upepo: ikishuka kuelekea bar 4 na king'ora kikalia, tafuta pa kusimama wakati bado una cha kusimamia. Harufu ikizidi, simama, weka vizuizi kwenye magurudumu, na uache breki zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji, maana dramu ya moto hupasuka.

Kondakta mwambie akae.

SWALI: Mama yangu ni mzee. Alianguka ndani ya basi akavunjika mkono, na basi halikugonga chochote. Dereva anasema alipaswa kujishikilia. Kosa la nani?

JIBU: Pole sana, na mpe mama pole. Abiria wengi huumia hivyohivyo, basi likiondoka au likifunga breki, hasa wazee. Dereva ana kioo cha kutazama ndani, na kungoja mzee aketi ni sehemu ya kazi yake. Ila usiishie kwake. Wazee huinuka mapema basi likiwa bado linakwenda, kwa kuogopa kupitishwa kituo, na woga huo wameufundishwa na mabasi yasiyosubiri. Mama akae viti vya mbele, apaze sauti kwamba anashuka, na asiinuke mpaka basi lisimame kabisa. Wewe peleka malalamiko kwa maandishi, yenye saa, namba ya basi na jina la kituo. Bila hayo matatu mchunguzi hana pa kuanzia.