Kabla hujaipunguza hiyo picha, soma asilimia kwanza

Vijana wanaokuja ofisini kwetu hapa Mtwara kujifunza kuediti picha, wa Chikongola, wa Magomeni (ya kwetu, sio ya Dar), hata wanaoshuka na basi kutoka Masasi, swali lao la kwanza linafanana: "Kaka, picha kubwa mno haienei kwenye kioo, naipunguzaje?" Na huyo anayeuliza ana afadhali, maana kuna asiyeuliza, anaenda zake kwenye Scale Image, amri ya kubadili saizi ya picha kwenye programu ya kuediti ya GIMP, anaandika 800, anasevu juu ya faili lilelile, na picha ya simu iliyokuwa na pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 4000 kwa 3000 ndo imekwenda hivyo. Wiki ijayo bibi harusi anakuja anataka ya fremu ya ukutani, unampa nini?

Jamani, kuzumu na kubadili saizi ni vitu viwili tofauti kabisa. Zumu inabadilisha unavyoiona picha, picha yenyewe haijaguswa hata chembe. Kama unabisha jaribu hivi kwenye GIMP: fungua picha, tazama jina la faili kule juu ya dirisha, halafu shika Ctrl zungusha gurudumu la maus mbele nyuma mpaka uchoke. Hakuna kinachobadilika pale kwenye jina. Sasa nenda Scale Image ipunguze kidogo tu, kinyota kinatokea pembeni ya jina, maana yake faili limeguswa na halijasevuliwa. Ndo maana hata Ctrl+Z hairudishi zumu, haina cha kurudisha. Ukitaka zumu uliyokuwa nayo kabla, bonyeza kile kialama kilicho chini ya Esc, kushoto kwa namba 1, watu wengi wana kibodi mwaka wa tano huu na kitufe hicho hawajawahi kukigusa.

Haya, asilimia ya zumu. Ipo chini ya dirisha, kwenye GIMP na kwenye Photoshop pia. Asilimia 100 maana yake pikseli moja ya picha inakaa kwenye nukta moja ya kioo, basi, haina uhusiano wowote na picha kuonekana yote. Hizi laptopu za mitumba tunazotumia wengi wetu kioo chake ni nukta 1366 kwa 768, na hapo bado menyu na visanduku vya pembeni havijakula sehemu yao, kwa hiyo hiyo picha yako ya 4000 kwa 3000 ili ionekane nzima inabidi ikae kama asilimia 20 hivi. Ukiipeleka 100 utaona shavu la bibi harusi na kipande cha shela, vingine vyote viko nje ya kioo. Haijaharibika. Bonyeza namba 1 kupata asilimia 100, ila usiwe ndani ya kifaa cha maandishi maana utaishia kuandika 1 juu ya paji la uso wa mtu. Kwenye Photoshop ni Ctrl+1.

Sasa kuna amri mbili kwenye menyu ya View ya GIMP ambazo watu wanazichanganya kila siku. Fit Image in Window, yaani Ctrl+Shift+J, inaichukua picha na kuienesha kwenye dirisha ulilonalo: dirisha linabaki palepale, zumu ndo inabadilika. Shrink Wrap, Ctrl+J, inafanya kinyume chake, zumu inabaki ilivyo na dirisha ndo linajikunja au kujitanua kuifuata picha. Ukitumia ule mtindo wa dirisha moja, ambao wengi ndo tunao, hiyo ya pili haina kazi, dirisha limebeba kila kitu litajikunjaje? Wa Photoshop, kuenesha picha kwenye kioo ni Ctrl+0, na ni sifuri, sio herufi O, ukibonyeza O inakufungulia sehemu ya kutafuta mafaili halafu unaanza kulaumu kompyuta.

Kingine, kwenye GIMP pale kona ya juu kulia ya eneo la picha kuna kiduara kidogo cha miwani ya kukuzia. Kikiwa kimebonyezwa, kila ukivuta dirisha picha nayo inakua na kupungua, kisipobonyezwa picha inatulia. Ukiona zumu "inajibadilisha yenyewe" kaangalie hapo kwanza kabla hujasema mashine ina virusi. Na kona ya chini kulia kuna mishale minne, ishikilie, inakuletea picha ndogo nzima ukiburuza humo unafika unapotaka, tamu sana ukiwa umezumu kwa karibu mno na umepotea.

Lakini hii amri ya kuenesha ndo inayodanganya watu, na ningeomba hapa usiruke. Inaenesha kila kitu, kikubwa na kidogo. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba hela zikianza kuzunguka mabango ya shughuli yanakuwa mengi, na mteja anakuja na logo ya kikundi chao aliyotumiwa WhatsApp, ndogo, ina pikseli 180 kwa upana. Ukiifungua na kuienesha inajaa kioo kizima, na mteja amesimama nyuma yako anasema "si hiyo hapo kubwa tu". Soma asilimia: inaweza kuwa 300 na zaidi. Hapo programu imeitanua ionekane, pikseli ni zilezile 180. Ukiiweka kwenye bango ichukue futi 2, yaani inchi 24, kila inchi inapata pikseli 7 na nusu, kila pikseli inakuwa kimraba cha zaidi ya milimita 3, mtu anakihesabu akiwa ng'ambo ya barabara. Mwambie mteja palepale, "mama, naomba wakutumie ya asili, au niichore upya", na bei ya kuchora useme palepale pia, sio bango limeshatoka.

Kwa kazi za uso mimi nafanyia kwenye 100. Wapo wanaoenda 400 wanapangusa kila kitundu cha ngozi na kule juu inavutia kweli, ukirudi unamkuta bibi harusi kawa wa plastiki, mama yake mzazi akimuona hamjui. Fanya kwenye 100, rudi 50 utazame, rudi 25. Nataja 100, 50, 25 kwa makusudi, maana kwenye zile za katikati kama 67 programu inakadiria nukta ipi ionekane ipi isionekane, mistari myembamba ya lesi au ya kitenge inaweza kuonekana imekatikakatika na kwenye faili iko safi kabisa, na wewe unaanza kutibu kisichoumwa.

Kesi ya mwisho ni paspoti saizi. Milimita 35 kwa 45, kwa pikseli 300 kila inchi, inakuwa pikseli 413 kwa 531. Kwenye kioo chenye urefu wa nukta 768, ukiweka asilimia 100 inakula zaidi ya nusu ya urefu wa kioo, na mteja anashtuka, "bwana mi nimesema ndogo". Kwenye View kuna Dot for Dot, itoe tiki, hapo GIMP inaacha kufuata nukta za kioo inafuata saizi itakayochapwa, na 100 sasa inakuonyesha picha ilivyo ukiishika mkononi. Photoshop wana Print Size kwa kazi hiyohiyo. Sharti lake programu iwe inajua kioo chako kina nukta ngapi kwa inchi, na mara nyingi inabahatisha, kwa hiyo ingia Preferences, kwenye Interface, halafu Display, bonyeza Calibrate. Inaleta rula mbili kwenye kioo, moja ya kulala moja ya kusimama, unazipima kwa rula yako na kuandika ulichopata. Rula ya plastiki ya shule inatosha, ila anza kupima kwenye mstari wa sifuri, usianzie kwenye ukingo wa rula, hivi viwili mara nyingi havipo sehemu moja.