Maswali na Majibu: Kazi ya Mwanasayansi wa Maji Baridi

Shikamooni. Niko kidato cha tano, Tukuyu, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Nataka kuwa mwanasayansi wa maji. Nisome wapi?

Marahaba, mdogo wetu. PCM inafaa kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanafundisha uhandisi wa rasilimali za maji kwa ngazi ya shahada. Chuo cha Maji, Ubungo, kina stashahada, na kwa anayetaka kushika vifaa mapema tunaipendekeza bila kusita. Kwenye uzamili ndipo wengi huchagua tawi: mito, maji ya chini ya ardhi, au ubora. Takwimu usizikimbie. R na Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, ni za bure, zianze mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuchambua data huishia kuwakusanyia wenzake.

Rungwe mvua tunayo tele. Uhaba wa maji duniani unatuhusu nini?

Unawahusu sana. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Malin Falkenmark, mtaalamu wa maji wa Sweden: chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu kwa mwaka, nchi ina msongo wa maji, chini ya 1,000, ina uhaba. Lakini kinajumlisha mwaka mzima na nchi nzima, hivyo kiangazi cha bonde la Usangu hakionekani humo. Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu, unalishwa na milima yetu hii hii ya Nyanda za Juu Kusini, ila tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mabanio, yaani vizuizi vya mtoni, huchepusha maji kwenda kwenye mpunga, Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, inapungua, na maji yake yakishuka chini ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, mto hauna tena cha kupeleka mbele. Duniani, umwagiliaji huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayotumiwa na binadamu. Anayeielewa Usangu ana pa kuanzia hata akipelekwa Asia ya Kati.

Setilaiti hazijamaliza kazi hii?

Hapana. Setilaiti pacha za GRACE zilirushwa 2002, na zilizozirithi 2018. Hupima mabadiliko ya nguvu ya mvutano, na kutoka humo tunajua maji yanapungua wapi. Ila huona eneo la mamia ya kilomita kwa mkupuo. Skimu moja ya umwagiliaji ya Mbarali, huko Usangu, haionekani.

Nina stashahada, naanza kupima mito mkoani Iringa. Vipimo huharibikia wapi?

Mara nyingi kwenye mto wenyewe, si kwenye mashine. Tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa wala mizizi. Vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, gawa upana vipande 20 au zaidi, na kisiwepo kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Kina kikiwa kifupi, pima kasi kwenye asilimia 60 ya kina ukihesabu kutoka juu. Kikiwa kirefu, pima kwenye 20 na 80, chukua wastani. Simama pembeni ya kifaa, miguu isivuruge maji. Soma ubao wa kina unapoanza na unapomaliza, maana mto unaweza kupanda ukiwa bado unahesabu.

Huna mashine? Chungwa linatosha. Mto wa upana wa mita 4, kina cha wastani mita 0.5, chungwa likienda mita 10 kwa sekunde 20: kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha kwa eneo la mita za mraba 2. Unapata lita 850 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa, na lililokwama kwenye majani usilihesabu.

Kosa kubwa liko kwenye jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko. Masika huchimba mchanga au kuujaza, na kina kile kile hakimaanishi tena maji yale yale. Wengine hupima kiangazi tu, mto ukiwa mpole, kisha hurefusha mstari wa grafu hadi kwenye mafuriko ambayo hakuna aliyeyapima. Nenda Machi, maji yakiwa mengi, ukipimia darajani. Na ukikuta daftari la kituo lina namba ile ile wiki nzima wakati mvua inanyesha, usiiingize kwenye kompyuta kabla hujaongea na msomaji wa kituo.