Anti wa Kazi Anajibu: Kuwa ripota wa mahakama kwa kusomea onlaini

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi niko Texas, nafanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku na mgongo sasa unanisumbua. Juzi nimeona tangazo la chuo kimoja cha onlaini, wanasema unasomea nyumbani tu, miezi sita umeshakuwa ripota wa mahakama na hela inaingia. Kutaip niko fasta kweli. Je ni kweli au naenda kupigwa? Halafu kiingereza changu kina lafudhi ya Tanga, itanizuia?
Mama Mapacha, Fort Worth

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mgongo. Kazi yenyewe ipo na inalipa, ila hiyo miezi sita wamekudanganya. Anayesomea mashine ya steno, ile ripota anayoandikia kwa kasi kila neno linalosemwa mahakamani, kwa kawaida anachukua miaka miwili mpaka minne, na wengi sana wanaachia njiani.

Ufasta wako wa kutaip utakusaidia kidogo tu. Mashine ya steno ina vitufe 22 hivi, unabonyeza kadhaa kwa mpigo mmoja kama mpiga kinanda, mkono wa kushoto unashika sauti ya mwanzo wa silabi, vidole gumba vinashika irabu, wa kulia unamalizia. D ya kushoto haipo, ukiitaka unabonyeza T na K pamoja, yaani ubongo unaanza upya kama chekechea. Sehemu hiyo wanaiita thiori na ukikaza unaimaliza vizuri tu.

Balaa liko kwenye spidi. Mtihani wa cheti cha RPR, kile cha chama chao cha taifa NCRA, una vipande vitatu vya dakika tano tano: maneno 180 kwa dakika ya maandishi ya kawaida, 200 ya jaji akiwaelekeza juri, na 225 ya mawakili na shahidi wakiulizana, na kila kipande upate asilimia 95, juu yake kuna mtihani wa maswali ya nadharia. Sasa mtu anafika 140 anakwama hapo miezi, kila siku anapiga mazoezi na haipandi, na kwa sababu yuko peke yake sebuleni na laptop hakuna hata mwenzake wa kumwambia na mimi nimekwama hapo hapo, basi anaanza kuruka siku, mwisho mashine inawekwa chini ya kitanda na ada anaendelea kulipa. Wanaotoboa ni wale wanaokaa kwenye mashine kila siku ya Mungu, saa kadhaa. Wewe una mapacha na zamu ya usiku, kwa hiyo kabla ya kuwaza hela waza hizo saa utazitoa wapi.

Usilipe chochote kwanza. NCRA wana kozi ya utangulizi inaitwa A to Z, ya bure, unaweza kuifuatia onlaini wiki kadhaa ukaona kama vidole vinakubali. Ipo pia programu ya bure inaitwa Plover, unajifunzia steno kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mashine kodi, usinunue mapema! Ukiongea na chuo waulize kitu kimoja: walioanza na nyinyi, wangapi wamefaulu na baada ya muda gani? Wakianza kukuelezea jinsi kozi ilivyo rahisi, kata simu. Na leseni ni mambo ya kila jimbo, hapo Texas ni ile tume ya JBCC, hakikisha unachosoma wao wanakitambua.

Lafudhi wala isikutishe. Kwenye steno mdomo umefungwa, kinachofanya kazi ni sikio, maana unaandika kufuata sauti unazozisikia, na shahidi anaweza kuwa mkulima wa Texas anayemeza maneno au daktari anayetaja madawa bila kupumua. Kama mgongo ndio unakusukuma, angalia pia uandishi wa sauti: unavaa kinyago mdomoni, unarudia kwa sauti ya chini kila kinachosemwa pamoja na nukta na koma, kompyuta inaandika. Texas wanaukubali, mara nyingi unachukua muda mfupi kuliko steno, na programu inaizoea sauti yako, Tanga yako yote ndani, mradi utamke vilevile kila siku.

SWALI: Anti mambo, niko Mombasa. Naweza kusoma hiyo kitu halafu nifanyie korti za Marekani nikiwa hapa hapa?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Poa mwanangu. Kuwa ripota mwenyewe, ngumu, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayemwapisha shahidi na lazima awe na mamlaka ya jimbo husika. Lakini nyuma ya ripota kuna mtu anaitwa skopisti, anapokea faili la steno pamoja na audio, anasikiliza na kusafisha makosa kabla haijawa nakala rasmi, analipwa kwa ukurasa, na kazi yote ni ya mtandaoni. Inataka kiingereza cha kuandika kilichonyooka hasa, uweze kusoma steno, na ile programu wanayotumia maripota, ambayo si rahisi kwa bei. Anza na kiingereza na kusoma steno, programu utanunua siku ripota amekubali kukujaribu kurasa chache.