Maswali yenu: Game imegoma kwa 2147483647

SWALI: Mwalimu habari. Niko Kondele, Kisumu. Kijana wa dadangu ana game ya shamba kwa simu, sarafu zake zimefika 2147483647 na tangu hapo anauza mahindi ya game mchana kutwa na namba haisongi ata moja. Wenzake shuleni wanasema ni namba ya mashetani. Ukweli ni gani?

JIBU: Mashetani hawamo hapo kabisa. Zidisha 2 kwa 2 kwa 2 hivyo hivyo mpaka ziwe mbili 31, utapata 2147483648, alafu toa 1. Sasa programu nyingi huwekea namba nafasi 32 za sifuri na moja, nafasi moja ni ya kuonyesha kama ni hasi ama chanya, zinabaki 31, na zote zikijaa moja ndio umefika hapo. Ukiongeza sarafu moja kwa programu iliyotengenezwa ovyo inaruka mpaka hasi 2147483648, yaani tajiri anaamka na deni, kwa hivyo aliyeunda hio game alifanya vizuri kuizuia.

Lakini mimi utamu naona uko kwingine. Hii ni namba tasa, haigawanyiki na chochote isipokuwa 1 na yenyewe, na aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler mwaka wa 1772, akiwa St Petersburg, Urusi, macho yashaharibika karibu kabisa na kompyuta hakuna! Mtu angedhani alijaribu kila namba tasa mpaka 46,340 hivi (kipeo chake cha pili), lakini wapi, alionyesha kwanza kwamba namba tasa yoyote ya kuigawanya lazima ikigawanywa kwa 248 ibakishe 1 au 63. Hapo umeruka 3, 7, 11 na wenzao wote. Ya kwanza kujaribu ni 311 (inabaki 35, kijana ahakikishe kwa kalamu), inayofuata ni 1303, unaenda hivyo.

Na ukiizidisha kwa 1073741824 unapata 2305843008139952128, ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake vyote bila yenyewe vinarudi kuwa yenyewe, vile 1+2+3 ni 6. Mwingereza Peter Barlow aliandika 1811 eti pengine hakuna mtu atawahi kupata ya aina hio kubwa kuliko hio kwa sababu hazina kazi. Aibu yake, 2024 imepatikana namba tasa ya tarakimu zaidi ya milioni 41, nayo pia ni mbili nyingi zimezidishwa alafu ukatoa 1, kwa hivyo inazaa nyingine kubwa zaidi kwa njia hio hio.

Kijana anunue trekta ya game, sarafu zitaanza kusonga tena.

SWALI: Na hii stori ya kompyuta kuharibika 2038? Msomaji, Kakamega.

JIBU: Ni namba hio hio. Mashine za zamani zinahesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970 kwa nafasi 32, na zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Zinazotumia nafasi 64 hazina shida.