Kila Kazi na Maji Yake

Mwaka juzi, siku tatu kabla ya Idi, nilimkatia mteja mkono mmoja wa gauni ukawa mfupi kwa inchi 4 kuliko mwenziwe. Kitenge kilikuwa yadi 3 tu, hakuna kipande cha kufidia. Nikakaa chini pale kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, mkasi mkononi, nikalia. Kitenge ningeweza kukilipa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka miezi mingi na sikuwa nimemwambia mtu.

Mezani nilikuwa na nguo 31 za watu, advansi zao nimeshakula. Mimi ndiye kijumbe, mkusanya hela, wa mchezo wetu wa kupeana hela kwa zamu, wanawake 12. Nilikuwa kwenye kamati ya harusi mtaani. Mama ana kliniki ya presha kila mwezi na mimi ndiye wa kumpeleka. Nikilala saa sita, saa tisa nimeamka, macho kwenye chandarua, nahesabu: zipu nyeusi sijanunua, fulani hajatoa hela ya mchezo, dawa za mama zimebaki za siku mbili.

Hesabu hizo za usiku ndizo zilizokuwa zikinimaliza, kuliko hata cherehani. Mwanangu mkubwa, anayesomea ualimu, ndiye aliyenieleza sababu. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha utafiti kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa katikati kuliko waliyoimaliza. Kisha mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, wakaonyesha jambo lililonigusa zaidi: si lazima kazi iishe ndipo akili itulie. Ukishaipangia utaifanya lini na vipi, akili inaiachia.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Kila kinachonijia kichwani nakiandika, lakini siandiki "zipu" peke yake. Naandika "zipu nyeusi, Jumanne, nikitoka kumpeleka mtoto". Nilishawahi kuandika orodha zisizo na siku, zikanitia hofu tu, kwa sababu kila nikizisoma kila kitu kinanidai papo hapo. Daftari nalilaza karibu na mto. Nikishtuka saa tisa naandika mstari mmoja, nazima taa.

Namna ya kuzigawa siku nilijifunza kwa mjomba, mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo mjomba hana saa moja ya kudumu ya kutoka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Katikati yake ni maji mafu. Wanawake wanaochokoa pweza husubiri bamvua lipwe, miamba ionekane. Maji yakijaa wako nyumbani wanafanya mengine, na hakuna anayewaita wavivu.

Basi nikautazama mwaka wangu kwa jicho hilo. Fundi ana bamvua tatu: Januari ya sare za shule, Shaabani harusi zinaposongamana kabla ya mfungo, na Ramadhani yenyewe. Mimi nilikuwa naongeza mizigo katika miezi hiyohiyo. Sasa ukijumbe nimemkabidhi mwenzangu, na tulikubaliana mapema, kabla mchezo mpya haujaanza, ili hela ya mtu isiyumbe. Kupaka rangi chumba, kutembelea ndugu Pangani, kufunga hesabu za mwaka, yote nimeyasogeza kwenye maji mafu. Kazi hazijapungua sana, ila hazinijii zote pamoja.

Lililonishinda muda mrefu ni muhali. Sisi watu wa Pwani tunaelewana hapa. Mtu anakuja na kitambaa Ramadhani ishafika ishirini na tano, anakuita mwanangu, anakukumbusha alivyokuwa na marehemu bibi yako, nawe unaona muhali. Unapokea. Unajua fika hutaweza, na yeye atakuja usiku wa Idi kupokea maneno badala ya nguo. Niliyemwonea haya mchana nilimliza usiku. Nilifanya hivyo mara nyingi, na hilo linaniuma kuliko mkono wa kile kitenge.

Adabu yetu imetupa njia, nayo ni kutaka udhuru. Ila udhuru uwe na siku ndani yake. Mimi nasema: "Shangazi, uniwie radhi, kwa Idi hii sitawahi. Ukiniletea tarehe 8 Mfunguo Mosi nitakushonea kwa nafasi na utaipenda." Wengine wanakwenda kwa fundi mwingine, na ninawaelekeza mwenyewe. Wengi wanarudi siku niliyowaambia. Usiseme "tutaona" wala "inshallah" kwa jambo ambalo moyoni umeshalikataa. Mwenzio ataondoka akiwa na tumaini, nawe utabaki na deni.

Simu naiweka droo ya cherehani tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Wa kliniki na wa shule wana namba ya jirani.

Najua wako ambao mzigo wao hauna udhuru: mama anayeuguza, mtu mwenye bosi asiyesikia, mjane mwenye watoto wanne. Kwako daftari halitoshi. Unahitaji mtu wa kushika upande mmoja wa mzigo, na umwambie kwa kinywa chako, kwa sababu watu wa nyumbani huona unavyosimama wakadhani unaweza. Mdogo wangu alikuwa tayari siku zote kumpeleka mama kliniki. Nilikuwa sijamwomba. Na ikiwa wiki mbili zimepita usingizi hauji, chakula hakipiti, huzuni iko nawe karibu kila siku, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimekaa benchini namsubiri mama apimwe, muuguzi akanitazama usoni, akasema, "Nawe mama, lete mkono." Presha ikasoma 158 kwa 96, iko juu. Nilikuwa na miaka 41.